Geko kagoma chakula kipya: tafuta kosa kwenye tanki kabla ya kubadilisha menyu

Swali linalorudi kila mara kwa watu wanaofuga geko, yaani wale mijusi wa kufugwa ndani ya tanki la kioo, ni hili hili tu, nimemnunulia chakula kizuri, kagoma, nifanyeje. Na ushauri wa haraka ambao watu wanapeana ni jaribu kingine, halafu kingine tena, mpaka nyumba imejaa vikopo vya wadudu na geko bado kanuna kwenye pango lake. Mimi nasema hivi, mara nyingi chakula hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye joto, au saa unayomlishia, au mdudu amekaa kimya kwa hiyo geko hamuoni, na ukirekebisha hayo chakula kile kile alichokikataa jana anakila leo. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako, anza na sababu ya juu ushuke, usiruke.

Nazungumzia geko wa aina mbili ambao ndio wengi majumbani kwa watu wetu walioko Uingereza, Marekani, Kanada na Ghuba. Wa kwanza lepadi geko, asili yake Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, huyu anakula wadudu tu, tunda usimpe. Wa pili kresti geko wa New Caledonia, yule ambaye watu walidhani ametoweka kabisa mpaka alipoonekana tena 1994, huyu ni matunda, nekta na wadudu kidogo, na majumbani anaishi kwa unga maalum unaokorogwa na maji. Ukichanganya sheria za hawa wawili utawaumiza wote. Mjusi kafiri wa ukutani muache ukutani, na wale wadogo wa bluu wa msitu wa Kimboza kule Morogoro wako kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa, ukiletewa mmoja mwenye historia isiyoeleweka usinunue.

Vipimo vitatu kabla hujagusa chakula

Mzani kwanza. Chukua mzani wa jikoni wa dijitali unaosoma gramu moja moja, weka kibakuli cha plastiki juu, rudisha sifuri, muweke geko, andika namba na tarehe. Mara moja kwa wiki, saa ile ile, kabla ya kula. Lepadi wakubwa wengi wanacheza kati ya gramu 45 na 80, kresti wakubwa kati ya 35 na 55, ila namba yenye maana ni ya kwake mwenyewe, yaani kama alikuwa 60 na sasa yuko 59 huyo anachagua tu na una muda wa kumbembeleza, kama alikuwa 60 sasa yuko 54 huyo kashapoteza asilimia 10 na hapo kubembeleza kumeisha, mpeleke kwa daktari. Mtoto ni tofauti, mtoto anatakiwa apande kila wiki, akikaa pale pale wiki mbili tayari kuna tatizo hata kama hajashuka. Kwa lepadi angalia na mkia, ndio ghala lake la mafuta, ukiona umeanza kuwa mwembamba kuliko shingo usisubiri mzani ukuambie.

Halafu joto. Hawa hawajitengenezei joto mwilini, tumbo la lepadi linasaga chakula kwa joto la sakafu anayolalia, na sakafu ya pango la upande wa joto inatakiwa iwe nyuzi 31 mpaka 33 za Selsiasi (kwa walioko Marekani ni 88 mpaka 91 za Farenhaiti), upande wa pili 22 mpaka 26. Kile kipimajoto cha mduara cha kubandika kwenye kioo kinasoma hewa, tena vibaya. Tumia kipimajoto cha dijitali chenye waya, ncha yake uilaze pale pale tumbo linapokaa, uache nusu saa ndio usome. Kresti ni kinyume chake, yeye anataka 22 mpaka 26, ikipita 28 anaacha kula na ikizidi hapo anaweza kufa, kwa hiyo taa kali ya joto juu ya kresti ondoa leo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea bila kujua. Walioko Dubai na Muscat AC inawaka mchana kutwa, wewe unajisikia vizuri kwenye nyuzi 21 na lepadi wako anaganda. Walioko Uingereza wanazima mkeka wa joto usiku kubana umeme, wakati huo ndio tumbo lake lina kazi. Mkeka ukae muda wote kwenye themostati, kile kifaa kinachozuia joto lisizidi, bila themostati usiuwashe kabisa maana unaweza kumbabua tumbo na wengi wameungua hivyo.

Tatu, kinyesi. Cha kahawia au cheusi chenye kipande cheupe pembeni ni kizuri, maana yake kuna kitu kinaingia na kinatoka. Ukikuta kile cheupe peke yake siku nyingi basi hajala kweli. Ukikuta maji maji, damu, au mdudu mzima ambaye hajasagika, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya daktari huko chini.

Dalili: lepadi kazoea milwomu tu, nyenje na mende wa dubia hataki hata kuwaangalia

Hii ndio inaongoza kwa malalamiko na ndio nitakaa nayo. Milwomu, yaani wale funza wa unga, ni rahisi, wanakaa kwenye friji, hawaruki, hawapigi kelele, kwa hiyo muuzaji alimlea nao na wewe ukaendelea nao. Kwa mwaka mzima peke yake sio chakula kamili, fosforasi inazidi kalsiamu kwa mbali na mafuta yanafika kama asilimia 13 wakati nyenje ana kama 7.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba mende hatembei. Mende wa dubia akihisi hatari anajibana chini anakuwa kama kipande cha gome, na geko anawinda kwa macho, kitu kisichosogea kwake ni jiwe. Jaribu hivi kwanza. Muweke mende chali kwenye kibakuli chenye kuta laini, miguu itaanza kurusha hewani, au mshike kiunoni na kibano umpitishe polepole ardhini umbali wa kidole kimoja mbele ya geko, usimsukumie usoni, mpitishe kama anayeondoka. Utaona lepadi ananyanyua kichwa, anatulia kabisa, halafu ncha ya mkia inaanza kutikisika kushoto kulia kama ina umeme. Hapo usisogeze mkono, wala usiongee, muache mende arushe miguu tu, sekunde chache anaruka. Ukiona mkia umetikisika hata kama hakuruka, jua chakula amekitambua, hiyo ni nusu ya safari. Kibano kiwe cha mbao au chenye mpira kwenye ncha, cha chuma kitupu kinaumiza taya na akigonga mara moja anaweza kuogopa kibano wiki nzima.

Ya pili ni saa. Lepadi anaamka jua linapozama, wewe unamlisha saa moja asubuhi kabla hujaenda kazini halafu unasema kagoma. Lisha magharibi, zima taa kubwa ya sebuleni, watoto wakae mbali na kioo. Kama ni albino hii ni muhimu mara mbili, macho yao hayavumilii mwanga.

Ya tatu hana njaa. Mkubwa anakula kila baada ya siku mbili au tatu, sio kila siku, na mwenye mkia mnene anaweza kusubiri bila shida. Huyu kama ni mkubwa, mnene, mzani hauchezi, ruka mlo mmoja au miwili, siku ya tano au ya sita mpe kipya KWANZA akiwa na njaa, akikataa toa, usimpe milwomu siku hiyo hiyo kama zawadi ya kukataa maana hapo unamfundisha kwamba akinuna vizuri cha zamani kinakuja. Subiri siku mbili rudia. Ukifika siku ya 14 bila kitu mpe alichozoea, mpime, pumzika naye wiki kadhaa kabla ya kuanza tena. Hii ya kumkalisha na njaa usiifanye kwa mtoto, kwa aliyekonda, kwa jike mwenye mayai wala kwa aliyefika nyumbani juzi.

Ya nne ni harufu na umbo geni. Hapa kuna njia mbili ninazoziamini. Waweke mende wadogo kwenye kopo la milwomu pamoja na ile pumba yao kwa masaa kadhaa, watoke wananuka alichozoea. Au tafuta mende aliyetoka kujivua ngozi, anakuwa mweupe na laini kabisa kwa muda mfupi, wengi waliokataa wale wa kahawia huyo wanamkubali na baada ya hapo mlango umefunguka. Mdudu yeyote asiwe mpana kuliko nafasi kati ya macho mawili ya geko.

Nyenje wana tatizo lao, wanaruka ovyo, geko mwoga anakimbia. Wakate miguu ya nyuma au waweke kwenye friji dakika chache tu wapoe, halafu ingiza wawili, sio kumi na tano. Wasioliwa watoe wote kabla ya kulala maana nyenje mwenye njaa anamng'ata geko usiku, anatafuna vidole na kope, na geko aliyeng'atwa anamuogopa nyenje kwa haki kabisa. Walioko Kanada mende wa dubia hawauzwi kihalali, kwa hiyo kwenu ni nyenje, viwavi wa hariri na funza wa BSF, yaani wa nzi askari mweusi.

Na kuhusu funza wa BSF, ni wazuri sana, kalsiamu yao iko juu kwa asili. Najua huku Kenya na Tanzania watu wanawafuga kwa ajili ya kuku na samaki, ila wale waliolelewa kwenye taka za sokoni sio wa kumpa geko, nunua wa kulishia reptilia au walee mwenyewe kwa mboga safi. Funza mwenyewe hasogei sana, tumia kibakuli chenye joto kidogo chini au kibano.

Mdudu yeyote unayempa, mlishe yeye kwanza siku moja au mbili, karoti, viazi vitamu, sukuma wiki. Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Wa kuokota nje usimpe kabisa, hujui nani kapiga dawa, na vimulimuli wana sumu inayoweza kuua mjusi kwa kipande kimoja.

Dalili: anataka funza wa nta tu, kingine chochote anageuza uso

Sababu ni moja, ulimzoesha vitamu. Funza wa nta wana mafuta karibu robo ya uzito wao, na geko akishawazoea anawasubiri. Ondoa nyumbani kabisa, usibakize hata wa dharura. Usimrudishe ghafla kwenye nyenje, pitia katikati, kiwavi wa hariri au wale viwavi wakubwa wa kijani wa hornworm wakiwa bado wadogo, ni laini na wana maji mengi, wanasogea taratibu, wanavutia. Wiki mbili tatu za hao, halafu mpasue kiwavi mmoja umpake mende majimaji yake. Wengi wanakubali. Asipokubali na mzani unashuka, usishindane naye, rudi kwenye kitu chochote anachokula isipokuwa nta na uongee na daktari.

Dalili: anamdaka vizuri, anatafuna mara moja, anatema

Kwanza kabisa angalia unga wa kalsiamu. Watu wanamzamisha mdudu mpaka anakuwa mweupe kama aliyechovywa kwenye ngano, na vitamini nyingine zina ladha mbaya kweli. Unatakiwa vumbi jepesi tu, tikisa mdudu kwenye mfuko na unga kidogo sana. Mpe siku moja bila unga kabisa uone, akimeza basi umepata jibu, badilisha chapa ya vitamini au punguza. Usiache kalsiamu moja kwa moja, hiyo ndio inashikilia mifupa yake.

Pili mdudu mkubwa au mgumu. Tatu anakaribia kujivua ngozi, rangi imefifia, anakuwa kama kapakwa majivu, hapo siku mbili tatu za kukataa ni kawaida na ngozi yenyewe anaila kwa hiyo tumboni sio patupu. Muwekee pango lenye unyevu, taulo za karatasi zilizolowa au moss, mpaka amalize.

Nne ni mdomo, na hapa simama. Akiwa anatafuna upande mmoja, ufizi umevimba au mwekundu, kuna usaha wa njano kama jibini, au taya ukiligusa kwa upole linalegea kama mpira, hiyo sio deko. Usaha ni maambukizi ya mdomo, taya laini ni mifupa imekosa kalsiamu, na yote mawili hayaponi kwa kubadilisha mdudu. Kutetemeka vidole na miguu iliyopinda ni sehemu ya hiyo hiyo. Daktari, wiki hiyo hiyo.

Kama anakosa shabaha, yaani anaruka anapita pembeni ya mdudu, angalia macho kwa tochi ndogo ya pembeni. Lepadi ana kope, ngozi ya zamani inajificha chini yake, jicho linabaki limefumba au lina kitu cheupe. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu kwa pamba, usichokoe wala usitumie kibano, siku mbili bila nafuu mpeleke. Kama ni mofu ya Enigma, yaani ile aina ya rangi iliyozalishwa na wafugaji, na kichwa kinainama upande mmoja au anazunguka zunguka, hiyo ni ya kurithi, lisha kwa kibano karibu na mdomo kwa maisha yake yote na usimzalishe.

Dalili: kresti hajagusa unga, kila asubuhi bakuli liko vile vile

Kabla ya yote hakikisha kweli hajala. Kresti analamba kidogo sana usiku, mtoto analamba tone moja na ameshiba, na bakuli asubuhi linaonekana halijaguswa. Chukua vifuniko viwili vinavyofanana vya chupa ya maji, tia kiasi sawa cha unga uliokorogwa, pima vyote. Kimoja muwekee, kingine kiweke ndani ya tanki lile lile ila ukifunike na kikapu cha wavu asifikie. Asubuhi pima tena. Vyote vitapungua kwa kukauka, kile cha kwake kikipungua zaidi ya mwenzake basi anakula na unaweza kulala kwa amani. Watu wengi wasiwasi wao unaishia hapo hapo.

Kama kweli hajala, sababu inayoongoza ni ugeni. Kresti aliyetoka safari anaweza kukaa wiki mbili na zaidi anagusa kidogo kidogo tu, hasa akiwekwa kwenye tanki kubwa tupu. Jaza majani, hata ya plastiki, mpaka usimuone, usimshike kabisa, pulizia maji jioni unyevu wa hewa ufike asilimia 70 au 80 halafu uache ushuke mpaka 50 mchana. Walioko Minnesota au Toronto wakati wa baridi hita ya nyumba inakausha hewa vibaya, pulizia asubuhi pia, na angalia vidole maana ngozi kavu inabana pale.

Halafu uulize alikuwa anakula nini kabla. Unga wa Pangea na wa Repashy ni vitu tofauti mdomoni, na ndani ya chapa moja ladha zinatofautiana. Usibadilishe kwa siku moja. Wiki ya kwanza sehemu tatu za zamani kwa moja ya mpya, wiki ya pili nusu kwa nusu, ya tatu moja kwa tatu, ndio umalize. Akigoma hatua fulani rudi nyuma hatua moja ukae hapo, hakuna haraka.

Mkorogo nao. Fuata pakiti, kwa wengi ni kipimo kimoja cha unga kwa viwili vya maji, acha dakika tano uvimbe, koroga tena, uwe mzito wa kumwagika polepole ukiinamisha kijiko. Ukiwa mkavu unagandia bakuli, ukiwa maji unatengana. Weka jioni, toa kesho yake, kwenye joto la kwenu kama ni kiangazi cha Ghuba usiache zaidi ya usiku mmoja. Na sehemu, kresti ni wa juu mitini, bakuli la chini kabisa kwenye kona wazi hatalifikia, libandike nusu ya urefu wa tanki karibu na majani anayolala, na likishakubalika usilihamishe hamishe.

Wale waliolelewa kwa chakula cha watoto wachanga cha chupa, ndizi na pichi, ndio wagumu. Sukari nyingi, kalsiamu hamna, na wanakufa na mifupa laini. Kwa hao weka tone la ile puree juu ya unga kama chambo tu, kila siku mbili unapunguza. Tunda halisi, papai au embe lililoiva, ni la mara moja moja tu. Machungwa, ndimu na parachichi usimpe.

Njia ya mwisho ya nyumbani ni kumgusisha tone dogo kwenye ncha ya mdomo wa juu, mbele, mbali na pua, kwa kidole au brashi laini. Atalilamba ili ajisafishe, akiendelea kulamba muongeze. Akigeuza kichwa mara mbili acha, muache hadi kesho. Kumfungua mdomo kwa nguvu usifanye, taya la kresti linavunjika na chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, hiyo kazi ni ya daktari peke yake. Wengine kinachowaamsha hamu ni mdudu mmoja mdogo anayesogea, jaribu nyenje mdogo mara moja kwa wiki, kresti wengi waliolala wanachangamka kwa hilo.

Dalili: hataki kipya wala cha zamani

Hapa acha mambo ya menyu. Joto kwanza, rudi juu ukapime tena kwa waya. Halafu ugeni, lepadi mpya wiki moja mpaka mbili ni kawaida. Halafu majira, dume wakati wa kupandana anazunguka kioo usiku kucha hali, jike anayetunga mayai naye hamu inashuka hata kama hajawahi kuonana na dume, na wengine wanapunguza kula miezi ya baridi. Wote hawa wako macho, mkia umejaa, mzani unatulia. Jike muwekee sanduku la udongo wenye unyevu atagie, asipopata sehemu mayai yanaweza kukwama.

Halafu mwenzake. Geko wawili tanki moja, mmoja analala juu ya mwingine, watu wanapiga picha wanasema wanapendana. Yule wa juu anamnyang'anya joto yule wa chini. Watenganishe leo, mara nyingi aliyekuwa hali anaanza kula ndani ya wiki.

Ya mwisho kwa uwezekano ila nzito kuliko zote ni tumbo. Kama sakafu ya tanki ni mchanga, hajanya zaidi ya wiki, tumbo limekaza au lina rangi ya bluu iliyokolea chini ya ngozi, usimpe chochote zaidi. Muweke kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kwenye kiwiko chake, dakika 15, mara moja, halafu daktari. Mafuta ya kula usimnyweshe, yanaingia mapafuni.

Anakula vizuri lakini anakonda

Hii haina matengenezo ya nyumbani. Inaweza kuwa minyoo, na inaweza kuwa kripto, kimelea cha utumbo ambacho kinamuacha lepadi na mkia kama kijiti, anatapika, kinyesi kinanuka kupita kawaida, na kinaambukiza geko wenzake kupitia mikono yako na vibano vyako. Mtenge chumba kingine, vifaa vyake peke yake, yeye umhudumie mwisho, karatasi sakafuni badala ya udongo.

Daktari ni lini na uende na nini

Asilimia 10 ya uzito imepotea. Mtoto siku tano hadi saba bila kula. Mkubwa zaidi ya wiki mbili na mzani unashuka. Kutapika zaidi ya mara moja, damu popote, mdomo uliovimba, kutetemeka, macho yaliyozama ndani, kulala upande wa baridi mdomo wazi. Usiku wa kwanza unaona damu au kutetemeka usisubiri wiki iishe.

Daktari wa mbwa na paka wengi hawana uzoefu na hawa, uliza wazi kwenye simu, unatibu reptilia? Kwa Marekani na kwingineko chama cha ARAV kina orodha ya madaktari wa wanyama watambaazi na amfibia. Pigia simu wawili watatu sasa hivi geko akiwa mzima ili ujue nani yuko karibu na bei yake.

Nenda na daftari la uzito, picha ya tanki zima, picha ya kipimajoto kikiwa pale anapolala, na pakiti za unga na vitamini unazotumia. Msafirishe kwenye kikopo kidogo chenye matundu na karatasi laini. Kwa lepadi wakati wa baridi weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa na taulo nje ya kopo. Baada ya kumshika osha mikono kwa sabuni, hawa wanabeba salmonela hata wakiwa wazima, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Kinyesi kibichi cha siku hiyo kitie kwenye kopo safi au mfuko wa zipu na tone la maji kisikauke, kikae kwenye friji sio friza, mbali na chakula chenu, kikizidi siku moja tupa usubiri kingine.